Majani ya mtaa mzima: shajara ya udongo wa uani kwangu, Columbus, Ohio

14 Oktoba 2023

Naanza kuandika leo kwa sababu mambo ya kukumbuka yamekuwa mengi na nataka mwakani nijue nilifanya nini na lini. Hii nyumba tulihamia mwezi wa tatu, na uani kuna kipande cha kama futi 20 kwa 30 ambacho tangu siku ya kwanza nilishakigawa kichwani, huku sukuma wiki, huku mchicha, nyanya zikae upande wa ukuta wenye jua la mchana. Nikalima kwa nguvu zote. Sukuma wiki ikafika majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto ikagoma pale pale, nyanya zikaozea vitako zikiwa bado za kijani, bamia hata moja haikuingia jikoni, na mchicha, mchicha jamani, mmea ambao kwetu Marangu, Kilimanjaro, unajiotea wenyewe kando ya njia, ukatoa maua ukiwa na urefu wa shubiri.

Shida ni udongo. Huu ni mfinyanzi mtupu. Ukilowa unanata kwenye kiatu mpaka unatembea umebeba kilo mbili kila mguu, ukikauka unapasuka nyufa ambazo kidole kinaingia chote na bado hakijafika mwisho. Eneo hili la Ohio zamani sana lilifunikwa na barafu nene, ilipoyeyuka ikaacha mchanganyiko wa mfinyanzi na mawe, afu waliojenga mtaa naona walikwangua ule udongo mzuri wa juu kabla ya kujenga, wakatuachia wa chini, wakatandika nyasi juu yake kama zulia.

Leo nimefanya vipimo viwili ili niwe na pa kuanzia. Cha kwanza cha chupa: nimejaza udongo theluthi moja ya chupa ya maharage, maji, tone la sabuni ya vyombo, nikatikisa sana nikaacha mezani. Mchanga umeshuka ndani ya dakika moja, ni kidogo tu kama unene wa kucha, na maji mengine yote juu bado yana rangi ya chai ya maziwa mpaka sa hivi naandika usiku. Hiyo rangi ndo mfinyanzi, unaweza kukaa siku nzima na zaidi ukielea. Cha pili nimechimba shimo la futi moja nikalijaza maji saa 12 jioni. Kesho asubuhi nitaangalia.

(Asubuhi: maji bado yamo, urefu wa kiganja kizima.)

Na ndo nimesimama pale karibu na shimo langu lenye maji nikainua macho nikaona miti ya mtaa wote imeanza kugeuka rangi, mepo (ile miti ya maple) myekundu, mialoni ya kahawia, na watu wameshaanza kuyajaza majani kwenye mifuko ya karatasi wanaipanga barabarani ije ichukuliwe na gari. Mfuko kwa mfuko. Nikajisemea haya ndo matandazo, haya ndo mama alikuwa ananituma niyalete kwenye migomba, na hapa yanatupwa!

Neno dogo la pembeni. Kamusi nyingi huu msimu wanauita vuli. Mimi vuli kwangu ni mvua za mwezi wa kumi na moja, matope na maharage machanga, sasa kuuita vuli msimu ambao kila kitu kinakufa kwa baridi siwezi kwa kweli. Nitauita msimu wa kupukutika.

28 Oktoba 2023

Leo nimezunguka na toroli. Nilikuwa naona aibu kidogo mwanzoni lakini nikaamua kugonga mlango na kuomba, sio kuchukua tu, na watu wote wamefurahi, mmoja amenisaidia hadi kubeba.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mama mmoja Msomali, hapa Columbus Wasomali ni wengi sana, na yeye aliishi Kenya miaka mingi kabla ya kuja huku kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha Nairobi. Aliponiona nainua mifuko akatoka nje.

"Kijana, hizo majani unapeleka wapi? Uko na mbuzi?"

"Sina mbuzi mama, nataka kulisha udongo."

Akanyamaza kidogo, afu akasema, "Basi kuja na huku nyuma, kuko mingi." Na kweli kulikuwa na mepo mkubwa, majani yamefika kwenye kifundo cha mguu. Nimejaza mifuko 9 kwake peke yake. Nimemuahidi mchicha na nimeandika hapa ili nisisahau.

Mambo mawili ya kuwa makini. Moja, nauliza kila mtu kama nyasi zake zimepuliziwa dawa ya kuua magugu, kwa sababu ukireki majani unakuja na nyasi pia, na baadhi ya hizo dawa zinakaa kwenye mabaki muda mrefu na nyanya zinazidaka haraka. Nyumba moja walisema ndiyo, nikashukuru nikaacha. Mbili, kuna mzee wa upande wa kushoto ana mjozi mweusi, ule mti wenye matunda ya kijani kama ndimu kubwa ambayo yanachafua mikono rangi ya kahawia haitoki wiki nzima. Huo mti una kemikali inaitwa jugloni, iko kwenye mizizi, maganda na majani pia, na nyanya ikikutana nayo inanyauka hata ukiwa unamwagilia. Mzee alitaka sana kunipa, nikamueleza, akasema hata yeye nyanya zake upande ule hazijawahi kufika popote na hakujua kwa nini miaka yote hiyo.

Jumla ya leo mifuko 41. Ile ya galoni 30, yaani kama lita 113 kila mmoja.

29 Oktoba 2023

Siku ya kusaga. Nataka niandike vizuri hapa kwa sababu ndo moyo wa kazi yenyewe.

Sina mashine ya kusagia majani, nina mashine ya kawaida ya kukatia nyasi yenye mfuko wa nyuma. Nimemwaga mifuko mitatu mitatu kwenye nyasi, nikatandaza mpaka unene wa kama inchi nne, nikapita mara ya kwanza bila mfuko, mashine nimeiinua juu kabisa, mara ya pili nimefunga mfuko. Mara ya kwanza majani yanatoka vipande vya ukubwa wa stempu, mara ya pili yanakuwa kama majani ya chai ya kuchemsha, yale ya pakiti, na harufu inabadilika, inakuwa tamu kidogo kama tumbaku. Yakiwa na unyevu hayasagiki, yanajikunja chini ya mashine yanakuwa donge la kijivu na injini inaanza kulia, nimezima mara mbili nikatoa waya wa plagi ya cheche ndo nikaingiza kijiti kutoa (mkono usiingize kabisa hata kama imezimwa). Kwa hiyo ni kazi ya mchana, umande ukishakauka.

Kwa nini nisage na sio kumwaga tu yalivyo? Kwa sababu jani zima la mepo ni bapa na pana, yakilowa yanalala moja juu ya jingine kama karatasi za daftari lililonyeshewa, maji hayapiti wala hewa, na chini yake panakuwa baridi na panaoza kwa harufu mbaya. Ukikata, kwanza kila kipande kina kingo nyingi ambapo fangasi na bakteria wanaingilia, pili havilali bapa, vinaacha nafasi za hewa. Majani mazima yakiachwa yenyewe yanachukua hadi miaka miwili kuwa mboji, yaliyosagwa yanaweza kuwa tayari ndani ya mwaka au hata chini ya hapo.

Mifuko 41 imekuwa rundo la kama mifuko 9. Binti yangu (ana miaka saba) ameruka juu yake mara ishirini labda, nikamuacha, anasaidia kuvunjavunja.

11 Novemba 2023

Nimegawa bustani matuta manne, kila moja futi 4 kwa 12, na nimeamua nisifanye kitu kimoja kote, nijaribu.

Tuta la kwanza nimechanganya majani yaliyosagwa ndani ya udongo, nikageuza kwa chepe mpaka kina cha inchi nane. Mgongo unaniuma mpaka sa hivi, mfinyanzi unakatika mapande kama jibini. Tuta la pili nimetandaza juu tu unene wa inchi nne bila kuchimba. Tuta la tatu nimetandaza majani mazima yasiyosagwa, unene ule ule. Tuta la nne halina kitu, liko tupu kama lilivyokuwa, la kulinganishia.

Yaliyobaki nimeyaweka kwenye duara la waya wa kufugia kuku, upana futi tatu na nusu, kimo kifuani kwangu. Nilikuwa nalowesha kila tabaka kwa mpira wa maji, unakamata kiganjani ukibana inatoka tone moja au mawili, hapo panatosha. Hili sitaligusa, nataka mboji ya majani yenyewe, ile inayotengenezwa polepole na fangasi bila joto.

20 Januari 2024

Baridi kali, usiku inashuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna la kufanya. Duara la waya limeshuka limefika kiunoni na juu lina kofia ya theluji. Tuta la nne lililo tupu udongo umeganda juu ukainuka kama mkate ulioumuka, nikipiga teke unalia kama sufuria. Nimeingiza mkono chini ya matandazo ya tuta la pili na pale udongo ni baridi sana lakini haujaganda.

23 Machi 2024

Leo nimefunua.

Tuta la tatu, lile la majani mazima, nimeinua kona moja na yamekuja yote kwa pamoja kama kipande cha boksi lililolowa, unaweza kulishika kama mkeka. Chini yake udongo unang'aa, unateleza, una harufu ya mtaro. Nimehesabu konokono wasio na nyumba 14 kwenye eneo la kiganja mbili tu.

Tuta la pili, la majani yaliyosagwa juu. Matandazo yameshuka kutoka inchi nne hadi kama moja na nusu. Nimepiga magoti nikasogeza taratibu kwa vidole, na chini kuna nyuzi nyeupe za fangasi zimeunganisha vipande kama uzi wa buibui, na hapo udongo unapokutana na majani kuna tabaka jembamba jeusi, sio zaidi ya unene wa sarafu, linavunjika punje punje. Punje! Kwenye huu mfinyanzi! Na nyungunyungu, sijui walitoka wapi maana mwaka jana nilipochimba nilipata watatu kwenye bustani nzima, leo kwenye chepe moja nimehesabu 11. Mmoja nimemuona kabisa anavuta kipande cha jani kwenye tundu lake, kimesimama wima nusu kiko nje, nikamuita mke wangu aje kuona, tukakaa pale tumechuchumaa kwenye baridi tunamuangalia nyungunyungu anakula.

Kitu nilichokuja kujifunza baadaye ni kwamba sehemu hizi zilizofunikwa na barafu wengi wa nyungunyungu hawa sio wa asili, walikuja na wageni kutoka Ulaya, kwenye udongo wa mimea na mizigo. Bustanini ni marafiki ila msituni wanaharibu, wanamaliza majani yote ya chini ambayo mimea ya kule inategemea. Kwa hiyo siwapeleki msituni na siwanunui. Na kuna aina moja kutoka Asia wanarukaruka kama nyoka ukiwashika, udongo wanaoacha unafanana na masimbi ya kahawa (yale mashapo yanayobaki ukishachuja), hao wameshafika Ohio na wanasafiri kwenye matandazo na udongo wa watu. Wangu nimewaangalia vizuri, wanatembea polepole, sio wao.

8 Aprili 2024

Jua limepatwa leo mchana. Hapa kwetu halikufunikwa lote, kilibaki kijisehemu chembamba sana, wa Dublin, mji wa jirani hapo kaskazini magharibi, ndo wameona giza kamili. Kulipoa ghafla na ndege wakanyamaza. Baadaye nimesogeza matandazo ya tuta la pili pembeni ili udongo upate joto kabla ya kupanda, kwa sababu majani yanazuia joto kuingia kama yanavyozuia kutoka.

9 Juni 2024

Nimeumia roho wiki hii, niandike ukweli.

Tuta la kwanza, lile nililovunja mgongo kuchimbia majani, ndo baya kuliko yote. Nilipanda sukuma wiki katikati ya mwezi wa tano baada ya hatari ya baridi kuisha, zikashika vizuri, afu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, njano iliyofifia jani zima, na kimo kimesimama. Tuta la pili pembeni yake miche ile ile ya trei ile ile ni ya kijani iliyoiva na imeshafika gotini. Hata lile tuta tupu linalishinda la kwanza.

Nikampigia mama Jumapili kwa video, nikamzungushia simu aone. Akatazama kimya, afu akauliza swali moja.

"Uliweka samadi?"

"Hapana mama, majani tu. Mengi."

"Sasa baba, mimi na babako tangu lini tumeweka majani peke yake kwenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani)? Majani ya mgomba unatandika, sawa, lakini yanakuja na samadi ya ng'ombe. Majani makavu yana njaa. Usipoyalisha yatakula chakula cha mboga zako."

Yana njaa. Nimekaa nikasoma kwa siku mbili kuelewa na ni hivyo hivyo alivyosema. Vijidudu vya udongoni vinapovunja majani vinahitaji kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Majani makavu ya msimu wa kupukutika yana kaboni 50 kwa moja na kupanda, ya mwaloni zaidi. Ile naitrojeni inayopungua inabidi ipatikane, na vijidudu vinaichukua kwenye udongo kabla mizizi haijaifikia. Haipotei, inarudi vikishakufa, ila mboga yako haiwezi kusubiri hadi mwezi wa tisa. Yakiwa juu ya udongo kama tuta la pili shida hii ni ndogo sana kwa sababu yanagusana na udongo kwenye ule mstari mmoja tu wa chini, lakini mimi nilienda kuyachanganya yote mpaka kwenye mizizi.

Na sababu ya majani yenyewe kuwa na naitrojeni kidogo imenigusa sana. Ule wekundu na unjano tunaousifia ni mti unafunga duka. Unavunja kile cha kijani ndani ya jani, unanyonya naitrojeni na fosforasi, mara nyingi kama nusu yake, unairudisha kwenye matawi na mizizi kwa ajili ya mwaka unaofuata, ndo unaachia jani lianguke likiwa na kaboni na madini yaliyobaki kama kalisi (kalsiamu). Mti hautupi chakula.

Nimenunua unga wa damu ya mifugo iliyokaushwa, una naitrojeni asilimia 12, nikanyunyiza vikombe viwili kwenye tuta zima nikamwagilia. Na nimeongea na dada mmoja wa mgahawa karibu na kazini kwangu, masimbi ya kahawa ananiwekea ndoo mbili kila Ijumaa. Masimbi ni kama 20 kwa moja, kwa hiyo yanasaidia ingawa sio haraka.

19 Juni 2024

Siku kumi tu na majani mapya ya sukuma wiki tuta la kwanza yametoka ya kijani. Nimempigia mama. Akasema haya, sasa mwakani usisahau.

24 Agosti 2024

Ohio yote inalia ukame. Kusini mashariki mwa jimbo ndo kubaya zaidi, wamefika daraja la mwisho kabisa kwenye ramani ya ukame ya Marekani, wafugaji wananunua nyasi kavu mwezi wa nane. Kwetu hapa katikati afadhali kidogo lakini nyasi za mtaa wote zimekuwa rangi ya mkate.

Nilirudisha matandazo kwenye tuta la pili mwezi wa sita udongo uliposhapata joto na niliongezea majani niliyokuwa nimeyahifadhi makavu kwenye mifuko gereji. Sasa tuta hilo namwagilia kila siku ya nne au ya tano. Tuta tupu kila siku jioni na bado saa nane mchana sukuma wiki zinalala kama nguo kwenye kamba. Mchana wa leo nimeingiza kidole kwenye tuta la pili chini ya majani, pana ubaridi na unyevu hadi fundo la pili. Tuta tupu kidole hakikuingia, nimeumia kucha.

Mchicha umetoka! Mrefu hadi kifuani, nimekata mara nne na unachipua tena. Nimempelekea mama Msomali mfuko mzima na akanirudishia mfuko ukiwa na sambusa.

2 Novemba 2024

Mwaka wa pili. Mifuko 58. Nilichobadilisha:

Sichimbii tena. Kila kitu juu, waliomo chini watapeleka wenyewe. Matuta yote manne sasa yanapata, hata lile tupu, nimelionea huruma vya kutosha.

Nimetengeneza rundo la pili la kupika kwa joto: ndoo tatu za majani yaliyosagwa kwa ndoo moja ya nyasi mbichi na masimbi ya kahawa, nimehifadhi masimbi tangu mwezi wa nane. Siku ya tatu nimechomeka kipimajoto cha nyama cha jikoni (nimekinunua kingine cha jikoni, mke wangu asiwe na wasiwasi) kikasoma nyuzi 57. Asubuhi linatoa mvuke kwenye baridi kama sufuria ya makande. Kila nikigeuza joto linashuka afu linapanda tena.

Majani ya mwaloni nimeyatenga. Yana lignini nyingi (kile kinachokaza mbao) na tanini (ile inayofanya chai iwe kali), ni magumu kama ngozi, yanachelewa. Hayo yanafaa kwenye njia kati ya matuta na kwenye miti ya matunda ambako hakuna haraka. Watu kadhaa wameniambia mwaloni utaleta asidi. Nitapima nione, sibishani.

12 Aprili 2025

Nimefungua lile duara la waya la mwaka juzi. Miezi 17.

Juu kuna vipande bado vinaonekana, nikavitoa pembeni. Chini yake, jamani. Nyeusi, laini, nyepesi, inashikana ukiibana na inaachia ukiigusa, harufu ni ya msitu wa juu kule karibu na geti la Mlima Kilimanjaro baada ya mvua, ile ile, nimefumba macho nikarudi nyumbani. Rundo lililokuwa kifuani limebaki gotini, kama toroli tatu na kidogo. Sio mbolea kali, chakula chake ni kidogo, kazi yake ni kushika maji na kuufungua udongo. Nimechekecha toroli moja kwa wavu nikaitumia kuoteshea miche, nimechanganya na mchanga kidogo na mboji ya lile rundo la moto.

Nimerudia vipimo vyangu. Shimo la futi moja, tuta la pili, nimejaza saa 4 asubuhi, saa 8 kasoro mchana maji yameisha. Mwaka 2023 yalilala humo. Na majibu ya maabara yamerudi, kiwango cha mboji kwenye udongo mwaka 2023 kilikuwa asilimia 1.9, sasa tuta la pili ni 3.4, la kwanza ni 3.1. pH (kipimo cha asidi, 7 ndo kati kwa kati, chini yake ni asidi) ilikuwa 7.5, sasa 7.3. Kwa hiyo ile asidi ya kutisha haijaja, majani yakishaoza yanakaribia kati kwa kati tu.

Nimeyasoma hayo majibu mara tatu nimesimama mlangoni na viatu vya matope.

19 Julai 2025

Haraka tu. Sukuma wiki zinafika kiunoni, tuta la kwanza sasa limelingana na la pili, ile naitrojeni iliyofungwa imerudi kweli kama ilivyoandikwa. Bamia tunakula mara tatu kwa wiki. Nyanya mbili tu zimeoza kitako mwaka huu, na najua ni zile za mwishoni ambako mpira wa maji haufiki vizuri, kuoza kitako kunaletwa na maji kuja na kukatika mpaka kalisi haifiki kwenye tunda.

18 Oktoba 2025

Mepo imeshaanza. Sijazunguka na toroli bado na tayari kuna mifuko 17 mbele ya gereji, watu wanaleta wenyewe, mmoja kaandika kwa kalamu nene juu ya mfuko "hakuna dawa, hakuna jozi". Yule mzee wa kushoto nimemtengenezea tuta la mbao lililoinuliwa upande wa mbali kabisa na mti wake, tumeweka mboji ya majani na udongo wa kununua, nyanya zake za kwanza alizila akiwa amekaa hapo hapo kwenye kiti cha kukunja, na leo asubuhi amekuja na reki yake mwenyewe.

Mama Msomali anataka na yeye aanze lake, amesema kijana kuja upime mahali. Nitaenda kesho na kamba.

Lililobaki kichwani ni mwaloni. Ninayo mifuko 12 tangu mwaka jana na bado ni kama ngozi. Nataka nijaribu kuyapitisha kwenye mashine mara tatu, niyaloweshe kwa maji yaliyokaa na samadi ya kuku usiku mzima kabla ya kuyapanga kwenye waya, nione kama mwezi wa nne yatakuwa yamelainika. Mvua inatajwa kuanzia Jumanne. Nikichelewa yatalowa, inabidi nisage yote leo na kesho.